Toa Antena Nje ya Bati: Mwongozo wa Kushika Redio Vizuri Shinyanga na Geita

Redio yako ikikwaruza, usikimbilie dukani kununua nyingine. Katika nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita redio ni nzima kabisa. Shida ni mahali ilipokaa. Imewekwa chumbani chini ya paa la bati, ukutani karibu na soketi, waya wake mwembamba umekunjwa nyuma ya sabufa, na pembeni kuna simu inayochajiwa. Bati linazuia mawimbi, chaja inamwaga kelele, na waya uliokunjwa unashika kidogo sana. Yote hayo yanatibika kwa mrunda mmoja, mita kadhaa za kebo ya dishi na nusu siku ya kazi.

Ninaandika haya kwa sababu redio bado ina kazi kubwa huku kwetu. Mkulima wa pamba wa Kishapu anataka kusikia bei ya msimu na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kupanda. Mchimbaji wa Lwamgasa au Nyarugusu ambaye bando limekwisha anataka kusikia mechi, na mama yake kijijini anasubiri matangazo ya vifo ajue nani wa ukoo ametutoka. Wazee wanakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu wazima vilipokaa kuizunguka redio moja na kusikiliza somo kwa pamoja. Somo likikwaruza, kikundi kizima kimekosa.

Kwanza tafuta mawimbi yako yanatoka wapi

Kabla ya kununua chochote, chukua redio ndogo ya betri na uzunguke nayo. Anza chumbani, toka uani, nenda nyuma ya nyumba, kisha simama mahali palipoinuka kidogo. Sikiliza stesheni moja tu unayoitaka, ile inayokusumbua. Kama uani inasikika safi na chumbani inakwaruza, tatizo ni bati na kuta, na antena ya kimo cha kawaida itatosha. Kama hata uani inakwaruza, utahitaji nguzo ndefu. Kama haisikiki kabisa popote, huenda stesheni hiyo haifiki kwenu, na ni heri kulijua hilo kabla hujatoa hela.

Ukiwa hapo uani, jaribu pia kuisimamisha antena ya redio wima, halafu ilaze. Wapo warushaji ambao mawimbi yao yamesimama na wapo ambao yamelala, na antena inayolingana nayo hushika zaidi. Andika namna iliyokupa sauti safi, kwa sababu utaihitaji wakati wa kufunga.

Jambo la tatu ni upande. Aliyepo Geita mjini anayetafuta stesheni za Mwanza, kama Radio Free Africa, aelekee mashariki akipinda kidogo kaskazini; ni kilomita 80 na ushei kwa mstari ulionyooka. Aliyepo Kahama anayetaka Radio Faraja ya Shinyanga ana kilomita kama 90, upande wa mashariki. Kutoka Shinyanga mjini hadi Mwanza ni karibu kilomita 140 kwenda kaskazini magharibi, na huo ni umbali mgumu kwa FM. Ukiisikia stesheni ya mbali namna hiyo alfajiri yenye baridi, kisha ikapotea jua likipanda, usidhani redio imeharibika. Hewa ya alfajiri, ikiwa baridi chini na vuguvugu juu, huyapinda mawimbi na kuyafikisha mbali kuliko kawaida. Jua likishaichanganya hewa hiyo, njia inafungwa. Stesheni nyingi kubwa zina mitambo ya kurushia katika miji mbalimbali, kwa hiyo uliza kwanza kama iko inayorusha karibu nawe, na kwa masafa gani.

Kimo ndicho kila kitu. Mawimbi ya FM hukwenda karibu kama mwanga unavyokwenda: hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, na mlima unayakata. Hesabu yake si ngumu. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita ambazo antena hiyo inaweza "kuona" kwenye tambarare. Antena iliyo mezani, mita 1 kutoka ardhini, inaona kilomita 4. Ukiipandisha hadi mita 9 inaona kilomita 12. Mnara wa mita 100 unaona kilomita 41. Jumlisha mbili hizo: antena ya mezani na mnara huo vinaonana hadi kilomita 45, ya nguzo hadi kilomita 53. Faida haiishii hapo. Hata ndani ya eneo ambalo tayari mawimbi yanafika, kwenye ardhi tambarare kama ya Kishapu, kila ukiongeza kimo cha antena mara mbili nguvu ya mawimbi inayoipata nayo huongezeka takribani mara mbili. Hakuna redio ya bei kubwa itakayokupa hicho ukiiacha mezani.

Geita mambo ni tofauti kidogo kwa sababu ya vilima. Ukiwa nyuma ya kilima, upande wa pili wa mnara, nguzo ya mita 9 haitakiruka. Jaribu kuelekeza antena kwenye kilima kingine kinachotazamana na mnara, kwani mara nyingine mawimbi hugonga hapo na kurudi kwako. Wengine hupata nafuu kwa kuhamisha antena mita 20 tu kupanda mteremko.

Zima kelele za nyumbani

Hapa wengi hupoteza pesa. Mtu anafunga antena nzuri, mkwaruzo unabaki palepale, analaumu antena. Kumbe kelele inatoka ndani ya nyumba yake.

Fanya hivi. Weka redio ya betri kwenye stesheni dhaifu, kisha zima swichi kubwa ya umeme wa nyumba. Mkwaruzo ukipotea, mwizi yuko ndani. Washa tena, halafu chomoa kimoja kimoja: chaja za simu, taa za LED za bei rahisi, king'amuzi, friji. Kwenye nyumba za sola, angalia kile kisanduku kinachoongoza chaji kati ya paneli na betri, na inveta kama ipo. Vingi vya bei ya chini hukata umeme kwa kasi kubwa mno, na kila mkato unarusha kelele kupitia nyaya za paneli, ambazo zenyewe zimekuwa antena ndefu juu ya paa. Dawa yake ni kuviweka mbali: antena iwe upande mmoja wa nyumba, paneli upande mwingine, na kebo zisitembee pamoja.

Kwenye machimbo kelele ina sura yake. Mota za karasha zinazosaga mawe, winchi za duara (shimo la mchimbaji) na jenereta vinacheua cheche, na cheche ni redio mbovu inayorusha kila mahali. Kuizima kazi ya watu huwezi. Unachoweza ni kuweka antena juu na mbali na mitambo hiyo, kisha kuleta mawimbi chumbani kwa kebo ya dishi, ambayo wavu wake wa nje huukinga waya wa ndani. Ndiyo maana nasisitiza kebo ya dishi badala ya waya wowote uliopo. Waya wa kawaida ukipita karibu na jenereta unazoa kelele njiani.

Nao wenye busta, nisikilizeni. Busta haichagui, inakuza mawimbi na kelele kwa pamoja. Inasaidia pale tu ambapo kebo ni ndefu sana, na hapo inafungwa juu kwenye nguzo, karibu na antena. Iliyokaa chini nyuma ya redio inakuongezea mkwaruzo uliokwisha kuingia. Na kama unakaa mjini karibu na mnara, busta itafanya stesheni moja yenye nguvu ijae redio nzima. Huko mjini mara nyingi tiba ni kupunguza antena.

Antena yenyewe

Nitaeleza moja tu, yenye mikono miwili, kwa sababu ni rahisi, ni nafuu na haina ubishi. Inahitaji vipimo sahihi. Gawanya 7125 kwa masafa ya stesheni yako kwa megahezi. Jibu ni urefu wa mkono mmoja kwa sentimita. Kwa stesheni ya 90, kila mkono una sentimita 79. Kwa 105, sentimita 68. Ukitaka kushika stesheni nyingi bila kubagua, kata sentimita 73 kila upande, ambayo ni karibu katikati ya bendi ya FM.

Mikono inaweza kuwa mabomba membamba ya alumini. Yako mengi bure: tangu nchi ilipoanza kuzima matangazo ya televisheni ya analojia mwisho wa mwaka 2012, antena za zamani zimebaki zikichakaa juu ya mapaa. Omba moja, ikate. Ila usiifunge ilivyo ukadhani itashika redio. Zile zenye vijiti vifupi vingi zilitengenezwa kwa masafa ya juu sana ya televisheni na hazilingani na FM. Usipopata alumini, tumia waya wa umeme wa 1.5 ulionyooshwa juu ya ufito mkavu au bomba la plastiki la kupitishia nyaya.

Kwa watu wa Geita na Kahama kuna chanzo kingine kizuri. Nenda kwa fundi wa kusuka mota. Mitaa ya wachimbaji inao. Mwambie, "Fundi, naomba mabaki ya waya wa mota iliyoungua, nataka wa antena." Atakupa kopa safi kwa bei ndogo. Waya huo umepakwa vanishi inayouzuia usigusane, kwa hiyo ukwangue kwa kisu au msasa mpaka shaba ing'ae pale tu unapounga. Usipokwangua, utafunga vizuri kabisa na isishike kitu.

Mikono hiyo miwili ipange kwenye mstari mmoja, ikiachana sentimita 2 hivi katikati, isigusane. Chuna mwisho wa kebo ya dishi: waya wa katikati uende mkono mmoja, wavu wa nje uusokote uende mkono wa pili. Kebo nyingi za bei rahisi zina wavu wa alumini, na alumini haikubali risasi ya kulehemu, kwa hiyo tumia konekta ya skrubu ileile ya mafundi umeme na uibane sawasawa. Chini kidogo ya hapo zungusha kebo yenyewe mara tano au sita, duara la sentimita 12 kwa upana, ulifunge kwa tepu. Mzunguko huo unaizuia kelele iliyopanda juu ya wavu isiingie kwenye antena. Kisha iache kebo iondoke pembeni, ikikata mikono kama herufi T, angalau kwa nusu mita, kabla haijateremka.

Sasa funga maungio yote dhidi ya maji. Tepu ya umeme peke yake inalegea kwa jua la Shinyanga ndani ya msimu mmoja. Pakaza grisi au nta kwenye konekta, zungusha tepu ukianzia chini kwenda juu ili kila mkunjo uufunike ule wa chini yake, kama bati linavyopishana kwenye paa, halafu funika na kopo la plastiki lililokatwa. Maji yakiingia ndani ya kebo hayatoki tena, inabidi uitupe.

Redio isiyo na tundu la antena isikutishe. Waya wa katikati wa kebo ubane kwenye antena ya redio iliyofupishwa, kwa kibanio kidogo chenye meno, na wavu uguse upande hasi wa betri. Kwa sabufa ambayo antena yake ni kile kiuzi cha nyuma, unga waya wa katikati hapo. Na anayesikilizia simu ya kitochi ajue kwamba waya wa earphone ndio antena. Uteremshe wote unyooke, usiufiche mfukoni.

Radi

Sehemu hii uisome kabla hujachimba shimo la nguzo. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani, kwa sababu joto la nchi kavu na unyevu wa ziwa hukutana karibu kila siku ya msimu wa mvua. Tumezika watoto. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mjini Geita. Januari 27, 2025 iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe na kujeruhi makumi ya wengine. Radi haitumwi na jirani wala bibi kizee yeyote. Ni umeme unaotafuta njia ya kushuka ardhini, na nguzo ndefu yenye waya unaoingia chumbani ni njia unayoitengeneza kwa mikono yako mwenyewe.

Kwa hiyo, kwanza, kebo isiingie ndani moja kwa moja. Weka kiungio cha kuchomoa nje ya ukuta, chini ya upenu. Wingu likianza kujikusanya, chomoa, na uache mwisho wa kebo nje, mbali na dirisha. Usisubiri mvua. Radi inaweza kutangulia mvua kwa kilomita kadhaa. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo; kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukweli ni kwamba ukishaisikia ngurumo yenyewe, umechelewa kugusa kebo: iache, hata kama redio itaungua. Rudisha dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Na usiku ukienda kulala, au ukiondoka kwenda shamba, chomoa bila kuangalia anga.

Pili, nguzo ikiwa ya chuma, au antena ikiwa juu kuliko paa, weka ethi. Fimbo ya shaba ya mita moja na nusu au zaidi ipigiliwe ardhini palipo na unyevu, karibu na nguzo, na waya mnene wa shaba ushuke wima kutoka juu bila kona kali. Wavu wa kebo nao uungwe kwenye ethi hiyo kabla haujafika ukutani. Ardhi kavu ya kiangazi haipitishi umeme vizuri, ndiyo maana unyevu ni muhimu. Lakini nisikudanganye: ethi hupunguza madhara ya radi iliyopiga jirani. Ikipiga nguzo yenyewe, kitakachokuokoa ni kule kuchomoa.

Tatu, usisimamishe nguzo karibu na mdomo wa duara wala stoo ya baruti. Radi inaweza kuingiza umeme kwenye nyaya ndefu zilizo karibu na kulipua fataki za umeme bila mtu kuzigusa. Nne, nyaya za TANESCO. Simama palipo na nguzo yako, fikiria imeangukia kila upande. Kama inaweza kufika kwenye waya wowote wa umeme, hapo si mahali pake. Ongeza nusu ya urefu wake ndipo uchimbe.

Kusimamisha

Mrunda mkavu wa mita 6 hadi 9 unatosha, ila mchwa wa huku hawana huruma. Paka oili chafu sehemu yote itakayofukiwa na nusu mita juu yake, iache inywe siku kadhaa, kisha fukia mita moja kwa kokoto iliyoshindiliwa. Funga antena ukiwa chini, usipande nayo. Nguzo ya mita 9 inainuliwa na watu watatu: mmoja anakaa penye shimo, wawili wanavuta kamba. Nyaya tatu za kushikilia, zikigawana duara sawasawa, zitaizuia isiyumbe wakati wa upepo wa Oktoba. Funga vitambaa vyekundu kwenye nyaya hizo, watoto wasijikwae usiku. Kebo iteremke ikiwa imefungwa kwenye nguzo kila nusu mita, na kabla ya kuingia ukutani ining'inie kidogo chini ya tundu, maji yadondokee hapo badala ya kufuata kebo mpaka ndani.

Kabla ya kushindilia kokoto na kukaza nyaya, mtu mmoja abaki na redio ndani, mwingine azungushe nguzo taratibu. Mikono miwili ikilala, antena husikia vizuri pande zake mbili pana na huziba kwenye ncha. Kwa hiyo ubavu wake ndio uelekee stesheni, na ncha zake zielekezwe kwenye kelele, kwa mfano karasha la jirani. Ikiwa umeisimamisha wima, inasikia pande zote sawa, nawe unaikaza tu.

Kwa wale wa masafa ya kati na mafupi

Wapo ambao bado wanapenda masafa haya, nami niko upande wao, kwa sababu usiku yanafika mahali FM haiwezi kufika. Masafa ya kati hayahitaji nguzo. Ndani ya redio kuna kijiti cheusi chenye waya uliozungushwa, na kinasikia kwa ubavu. Izungushe redio yenyewe mezani mpaka sauti ijae. Ukitaka zaidi, tengeneza fremu ya mbao ya mraba, sentimita 60 kila upande, uizungushie waya mara 12 ukiachanisha kila mzunguko kwa nusu sentimita, na miisho yake uiunge kwenye kapasita ya kuzungusha ya redio kuukuu. Iweke fremu kando ya redio bila kuiunga nayo, zungusha kapasita, na kwa sehemu moja utasikia stesheni ikiruka juu ghafla.

Masafa mafupi yanataka waya mrefu: mita 10 hadi 20 kati ya nguzo na mti, ukitenganishwa na miti hiyo kwa vipande vya plastiki au kamba ya nailoni, na mwisho wake ubanwe kwenye antena ya redio. Mchana tafuta kwenye namba za juu, usiku shuka kwenye namba za chini. Zanzibar imetumia 11735 kilohezi kwa miaka mingi, na DW imetangaza Kiswahili tangu 1963, ingawa ratiba hubadilika na nyingine zimehamia kwa washirika wa FM. Waya huu nao unachomolewa wingu likija, bila ubaguzi.

Ukimaliza, andika kwa kalamu ya rangi kwenye ukuta, pembeni ya kiungio: CHOMOA WINGU LIKIJA. Waonyeshe wote wa nyumbani namna ya kuchomoa, kuanzia bibi hadi mtoto anayeweza kukifikia. Kila Septemba, kabla ya mvua, tikisa nguzo uone kama mchwa wameingia, fungua konekta uikwangue kutu, kaza waya wa ethi, na badilisha tepu iliyopasuka.